Hii stori ya rubani O'Hare na baba yake wakili wa Al Capone ni kweli ama imetiwa chumvi?

Mwalimu_Changamwe

Assalamu aleikum na hamjambo nyote, nna swali naomba anayejua anisaidie kabla ya Ijumaa.

Mie ni mwalimu wa historia shule ya upili huku Changamwe na Ijumaa hii ni zamu yangu kuongea na wanafunzi paredi. Sasa wiki ilopita kwa group ya familia mtu akaforwadi stori ndefu ya rubani wa Marekani, Butch O'Hare, ati ndiye huyo uwanja wa ndege wa Chicago umepewa jina lake. Nimeisoma mara tatu na kila nikifika mwisho machozi yananilenga.

Kwa wasioiona, inaenda hivi. Chicago kulikuwa na wakili wa Al Capone, yule jambazi mkubwa, wakili ana pesa, ana nyumba, ana kila kitu, lakini ana mtoto wa kiume anampenda na akaona kitu kimoja hana cha kumwachia nacho ni jina zuri. Basi akaenda akatoa siri za Capone kwa serikali akijua watamuua, na kweli wakamuua. Halafu stori inaruka mpaka vita vya pili vya dunia, kuna rubani wa navy yuko juu ya bahari na wenzake, anaangalia geji anaona tenki haikujazwa mafuta, anaambiwa arudi melini, njiani peke yake anakutana na ndege za Kijapani zinaenda kulipua meli zao. Anajitosa. Anapiga mpaka risasi zinaisha, zikiisha anaanza kuzigonga mabawa kwa ndege yake mwenyewe mpaka Wajapani wanakimbia. Mwisho ndio unaambiwa rubani ni mtoto wa yule wakili.

Ni nzuri sana na nlishaamua kuisoma. Lakini jana nlimsomea mume wangu, yeye ni fundi wa mitambo pale bandarini, akanyamaza kidogo akaniuliza ndege ikigonga bawa la ndege nyingine kwa spidi ile yenyewe inarudi vipi nyumbani? Nikakosa jibu. Na watoto wa siku hizi watauliza swali hilohilo na simu wanazo mfukoni. Sitaki kuwasimamisha juani niwasomee uongo.

Kuna mtu anayeijua hii habari kikweli?

---

Baharia_Mstaafu

Waaleikum salaam mwalimu, na mpe mumeo salamu zangu, swali lake ni la fundi haswa.

Mie nimekula chumvi ya meli miaka 31 na tangu nistaafu kitu nasoma sana ni vita vya baharini vya 1939 mpaka 1945, basi hapa naweza kukusaidia. Mtu ni wa kweli, jina lake kamili Edward Henry O'Hare, alizaliwa St. Louis mwezi wa Machi 1914. Baba yake ni wa kweli na alivyokufa ni kweli. Zile ndege za Kijapani pia ni za kweli. Lakini tenki lisilojazwa, kukutana nao kwa bahati njiani, risasi kuisha kisha kugonga mabawa, hayo yote yametiwa na watu baadaye. Na mwalimu wangu nakuomba usiyasome, manake yanamfanya yule kijana aonekane ni mtu wa bahati na wazimu wa ghafla, wakati alichofanya ni kazi aliyoifanyia mazoezi miaka miwili mpaka ikaingia kwenye mikono.

Siku yenyewe ni tarehe 20 Februari 1942. Meli ya kubeba ndege ya Marekani, Lexington, inaelekea Rabaul, kule kisiwa cha New Britain karibu na New Guinea, Wajapani walikuwa wameshaiteka mwezi uliotangulia na wakaifanya kituo kikubwa. Mpango ulikuwa waende kimya wawapige asubuhi ya pili. Lakini ndege za Kijapani za kupeleleza, zile zinazotua majini, zikawaona mapema. Moja iliangushwa na mkuu wa kikosi cha O'Hare mwenyewe, John Thach, lakini habari ilikuwa ishafika Rabaul. Alasiri zikatumwa ndege 17 za mabomu, aina ambayo Wamarekani waliipa jina la Betty, injini mbili, na zilikuja bila ndege za kuzisindikiza.

Zilikuja makundi mawili. Kundi la kwanza ndege 9, marubani karibu wote wa Lexington wakalikimbilia hilo, wakalipiga vibaya. Ndio rada ya meli ikaonyesha kundi la pili linakuja upande mwingine kabisa. Waliobaki juu ya meli mahali pa kuwahi ni wawili tu, O'Hare na mwenzake Dufilho. Kwa hivo umeona hapo, hakurudishwa kwa sababu ya mafuta na wala hakukutana nao kwa bahati. Alirushwa kutoka kwenye meli ileile kuilinda na alikuwa pale alipotakiwa awe.

Wakapanda juu, Dufilho akajaribu bunduki zake, zikagoma. Zote. O'Hare akampungia mkono arudi, mwenzake akakataa kumwacha. Huyu Dufilho kwenye forwadi hayupo hata kwa herufi moja na mie jambo hilo linaniuma, manake mtu yuko juu angani bunduki hazifanyi kazi na bado yumo, anajaribu kuwavuta adui wamuangalie yeye. Alikufa vitani Agosti ya mwaka huohuo.

Sasa sikiliza hesabu. Ndege yake ni Wildcat, bunduki 4 za mabawani, kila moja risasi 450. Ukizifinya zote kwa pamoja zinatema kwa sekunde 34 hivi, basi. Sekunde 34 na mbele yako ndege 8 (hati ya nishani aliyopewa baadaye iliandika 9, lakini waliohesabu baadaye walikuta 8), zimejipanga kama herufi V, kila moja ina wapiga bunduki, na mkiani ina mzinga wa milimita 20. Ukimfuata kwa nyuma moja kwa moja umekwisha.

Yeye akashuka kutoka juu na ubavuni. Akapiga ya mwisho upande wa kulia, akilenga injini na pale bawa linapoungana na mwili, manake huko ndiko kuna mafuta na tenki za Betty hazikuwa na kinga, zikiguswa zinawaka kama kiberiti. Akaruka akaenda ya pili. Akavuka upande wa kushoto akarudia. Akawa anafinya kidogo anaacha, anafinya kidogo anaacha, Thach baadaye alikadiria kama risasi 60 kwa kila ndege. Ndani ya dakika 4 hivi ilikuwa imeisha. Thach alipofika anakimbia kuja kusaidia anasema aliziona ndege 3 zinaanguka na moto kwa wakati mmoja. Nyingine injini iling'oka kabisa bawani, na rubani wake akajaribu kuiangusha ndege juu ya Lexington, akaikosa.

Lexington haikuguswa na bomu hata moja. Na Wildcat ya O'Hare ilirudi na tundu za kuhesabu kwa vidole. Mumeo amesema kweli, ndege iliyogonga mabawa hairudi hivo.

---

Kijana_wa_Likoni

Heshima yako mzee Baharia lakini mimi nimesoma kuwa alipewa sifa ya kuangusha ndege 5 na baadaye ikaonekana ni 3. Sasa hiyo nayo si chumvi? Manake tukimwambia mwalimu atoe uongo wa forwadi na tuweke uongo wa serikali tutakuwa tumefanya nini. Hizi hadithi za mashujaa wa vita huwa wanazikuza ili vijana waende jeshini, na Februari 1942 Marekani ilikuwa imechapwa, Pearl Harbor miezi miwili nyuma, walikuwa wanamtafuta shujaa kwa tochi.

---

Baharia_Mstaafu

Kijana umesema jambo la maana na sikukatalii, walimhitaji shujaa na walimtumia. Tarehe 21 Aprili 1942 aliitwa ikulu, Rais Roosevelt akampa Nishani ya Heshima, ile kubwa kuliko zote kwao, rubani wa kwanza wa navy kuipata kwenye vita vile, mkewe Rita ndiye akamvisha shingoni. Wakampandisha cheo hapohapo, wakampeleka kwao St. Louis barabara zikajaa watu. Wanaomsimulia wanasema hakufurahia yale mambo, alikuwa mtu mkimya.

Lakini 5 na 3 si uongo wa mtu kukaa ofisini. Pale juu ndege ikitoa moto na kuacha msururu unahesabu imekwisha, huna muda wa kuifuata uone imeingia majini au la. Daftari za Wajapani zilipofunguliwa baada ya vita watafiti wakalinganisha jina kwa jina, ndio wakaona 3 zilianguka kwa mkono wake na nyingine alizijeruhi. Na jioni ile kati ya 17 zilizotoka Rabaul 15 hazikurudi. Kwangu mie 3 kwa sekunde 34 hazimpunguzii kitu. Mwalimu akitaka awaambie watoto zote mbili, hesabu ya siku ile na hesabu ya baadaye, na awaeleze kwa nini zimetofautiana. Hilo lenyewe ni somo la historia zuri kuliko hotuba.

---

Zuhura_Mbali

Salamu kutoka Chicago, mimi mtoto wa Kibokoni lakini nimeolewa huku mwaka wa tisa sasa. Nimeona hili swali nikasema lazima nichangie.

Mwalimu, ukishuka O'Hare ukienda Terminal 2 kuna ndege nzima imewekwa pale, Wildcat, imepakwa rangi na alama kama ile aliyoruka siku hiyo. Watu wanapita na mabegi wakiwa kwenye simu, wachache sana wanasimama. Mimi nlisimama mara ya kwanza kwa sababu mwanangu alikuwa analia na nlitaka kumuonyesha kitu, nikajikuta nimesoma maandishi yote. Sio ndege yake yenyewe. Hii iliopolewa kutoka ziwa Michigan, manake wakati wa vita marubani walikuwa wanajifunza kutua kwenye meli humo ziwani, walichukua meli mbili za abiria za kizamani zile za magurudumu ya kuvuruga maji ubavuni wakazivua juu wakaweka sitaha tambarare. Ndege nyingi zilizama zikishindwa kutua. Kitu kilichonishangaza ni udogo wake. Nlidhani nitaona kitu kikubwa, kumbe ni kibonge kifupi, mabawa mafupi, na rubani alikuwa anakunja magurudumu kwa mkono, anazungusha kishikio karibu mara 30 huku anairusha.

Na kitu kingine, mkiona tiketi za huku zimeandikwa ORD msishangae, mimi miaka nlikuwa najiuliza O'Hare na ORD wapi na wapi. Pale zamani paliitwa Orchard, palikuwa na kiwanda cha kutengeneza ndege wakati wa vita. Jina la O'Hare lilikuja 1949, ila zile herufi tatu za zamani hazikubadilishwa.

---

Mwalimu_Changamwe

Mashaallah jamani, shukran sana, nlidhani nitapata mistari miwili. Mzee Baharia nimekuelewa na mabawa nimeyafuta. Dada Zuhura hiyo ya magurudumu ya kukunja kwa mkono naichukua.

Nina maswali mawili bado. Baba yake, ile habari ya jina zuri la kumwachia mtoto ni kweli? Kwa sababu hapo ndipo pananiliza. Na pili mzee umesema alikuwa amejifunza miaka miwili, alijifunza nini hasa? Watoto wakisikia tu "mazoezi" inawapita, nataka kitu wakione.

---

Baharia_Mstaafu

La baba kwanza. Edward baba alikuwa wakili na mfanyabiashara, utajiri wake ulitoka kwenye mashindano ya mbwa, wale wanaomkimbiza sungura wa mashine, haki za ule mtambo zilikuwa mikononi mwake. Huko ndiko alikutana na watu wa Capone. Kweli alipeleka siri kwa watu wa kodi, na Capone alifungwa 1931 kwa kosa la kodi. Na kweli alipigwa risasi akiwa kwenye gari lake Chicago tarehe 8 Novemba 1939, siku chache tu kabla Capone hajaachiwa, na waliomuua hawajapatikana mpaka leo. Kijana wake wakati huo alikuwa Pensacola kule Florida anajifunza urubani.

Lakini moyo wake ulimwambia nini alipoenda kwa watu wa kodi, hilo hakuliandika mahali. Wako wanaosema ni kwa ajili ya mtoto aingie chuo cha navy Annapolis, wako wanaosema aliona jahazi la Capone linazama akaruka mapema. Ile forwadi inaongea kana kwamba ilikuwa ndani ya kifua chake. Mie ningesema yale aliyofanya tu na kuachia hapo. Mtoto alimaliza Annapolis 1937, akakaa miaka miwili kwenye manowari ya mizinga, New Mexico, ndipo akaenda urubani. Wazazi walikuwa wameachana zamani lakini na baba yake walikuwa karibu, na baba ndiye aliyekuwa akipenda ndege. Kufiwa vile, gazeti linaandika baba yako na majambazi, na wewe ni mwanafunzi mgeni jeshini, nadhani hapo pana huzuni ya kutosha bila kuongeza.

La pili ndilo ninalolipenda. Alipomaliza mafunzo alipelekwa kikosi cha Thach. Huyu Thach alikuwa na desturi, rubani mgeni akifika anamchukua juu kupigana naye kwa mchezo, mara nyingi mgeni anaaibika vizuri, anashuka akiwa tayari kusikiliza. O'Hare alishindwa mwanzo kama wote, lakini akajifunza haraka mpaka akawa anamkalia Thach mwenyewe mgongoni. Thach alisema yule kijana alikuwa na subira, hakuvuta ndege kwa nguvu, aliiacha iende.

Na shabaha. Navy ya Marekani iliwafundisha marubani wake kupiga kutoka ubavuni, yaani unalenga mahali ambapo ndege bado haijafika. Waambie watoto hivi: uko kando ya barabara pale Magongo, rafiki yako yuko ndani ya tuktuk inapita na unataka kumrushia embe. Ukimrushia yeye, embe litaangukia nyuma. Inabidi urushe mbele yake, mahali patupu, akutane nalo. Sasa fanya hivo na wewe mwenyewe uko kwenye tuktuk nyingine inageuka. Ndio kazi ile. Ndio maana aliweza kushuka ubavuni mwa Betty bila kukaa mbele ya ule mzinga wa mkiani.

Na kuna jambo jingine alisaidia kulitengeneza ambalo liliokoa watu wengi kuliko zile dakika 4. Mwaka 1941 Thach alisoma ripoti kuhusu ndege mpya ya Kijapani, Zero, kwamba inapanda haraka na kugeuka haraka kuliko Wildcat. Kila usiku akawa anakaa kwenye meza ya nyumbani kwake California na njiti za kiberiti, anazisogeza, anatafuta namna ndege dhaifu zinaweza kujilinda. Akapata: ziende wawili wawili na nafasi kati yao, adui akimfuata mmoja, wote wanageuka kukutana kama wanaosuka ukili, mwenye kufukuzwa anamleta adui mbele ya bunduki za mwenzake. Lakini njiti si ndege. Akamuita O'Hare, akampa ndege 4 zenye nguvu zote awe adui, yeye Thach akachukua 4 akajizuilia mafuta ili ziwe goigoi. O'Hare akashambulia kila upande anaojua. Aliposhuka akamwambia Thach imefanya kazi, kila nikikaribia kufinya naona pua ya ndege imenielekea. Ufundi huo ukatumika kwenye mapigano ya Midway Juni 1942 na mengine yaliyofuata.

---

Mtoto_wa_Kuze

Niongeze la huku kwetu maana naona kila mtu yuko Pasifiki.

Mwalimu waambie watoto wako kwamba ndege hiyohiyo ilipigana karibu na huku. Waingereza pia waliinunua Wildcat, navy yao ikaiita Martlet. Aprili 1942 Wajapani waliingia bahari yetu ya Hindi, wakapiga Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, wakazamisha meli ya kubeba ndege ya Kiingereza, Hermes. Admirali wao Somerville akaona Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, si salama tena, kundi lake la meli akalileta hapa Kilindini. Mwezi wa Mei meli ya kubeba ndege Illustrious ikaenda Diego Suarez, Madagascar, na Martlet zake ziliangusha ndege za Wafaransa wa Vichy, wale waliokuwa upande wa Wajerumani, kule. Babu yangu alikuwa kuli wa bandari wakati huo na alikuwa akitusimulia kwamba asubuhi ukitoka unakuta meli za kijivu zimejaa mpaka huoni ng'ambo.

Na uwanja wetu wa Moi hapo Port Reitz, mnaopita kila siku nyinyi wa Changamwe, wakati wa vita ulikuwa kituo cha ndege cha navy ya Kiingereza na walikiita HMS Kipanga, kwa Kiswahili kabisa. Cha Nairobi kikawa HMS Korongo. Shule ya Allidina Visram nayo ilichukuliwa, wakakaa humo watu wa kusikiliza redio za Wajapani na kufumbua maandishi yao ya siri. Wanafunzi wako wakijua hivo hawataona ni habari ya mbali.

---

Mwalimu_Changamwe

HMS Kipanga! Miaka 14 nafundisha historia Changamwe na sijawahi kuisikia, wallahi nimeshika kichwa. Hiyo peke yake itatosha kuwafanya wanyamaze.

Mzee Baharia, forwadi haisemi alikufa vipi, inasema tu alikufa mwaka uliofuata. Unajua?

---

Baharia_Mstaafu

Najua, na hapa niwie radhi nikirefusha.

Baada ya nishani wangeweza kumuweka nyumbani awe wa picha na hotuba. Yeye akarudi kufundisha marubani wapya kule Hawaii, karibu mwaka mzima, na wanafunzi wake wengi walikuja kuwa marubani wakubwa. Februari 1943 akapata binti. Agosti mwaka huo akarudi vitani na ndege mpya, Hellcat, na kufika Novemba alikuwa mkuu wa ndege zote za meli ya Enterprise, wakati wa kutua Tarawa na Makin kwenye visiwa vya Gilbert.

Huko Wajapani walibadili mbinu. Mchana hawawezi tena, wakaanza kuja usiku na Betty zilezile, zimebeba topido, chini kabisa juu ya maji. Meli usiku haina wa kuilinda, manake Hellcat zao hazikuwa na rada na rubani haoni kitu. Ukingoja mpaka uwaone umechelewa. O'Hare na wenzake wakatunga njia: ndege kubwa zaidi, Avenger, ambayo ina rada, itangulie, Hellcat mbili zimfuate kwa karibu. Rada ya meli iwaelekeze wote kwa mbali, rada ya Avenger iwasogeze, mpaka Hellcat zione ule moto wa samawati kwenye eksozi ya adui, hapo zipige. Hakuna aliyewahi kufanya hivo kutoka kwenye meli. Na kiongozi wa kikosi kizima hakulazimika kwenda yeye. Akaenda.

Usiku wa tarehe 26 Novemba 1943. Avenger inarushwa na Phillips, Hellcat ya pili ni kijana anaitwa Skon. Mwanzo wakapotezana gizani, Avenger peke yake ikakuta Betty ikaipiga, ikakuta ya pili ikaipiga. Hapo wote wanatafutana waungane, wakawasha taa ili waonane, na wakati O'Hare anajipanga pembeni ya Avenger ndege nyingine ikatokea nyuma yao. Mpiga bunduki wa Avenger akaifyatulia risasi, yule mgeni naye akapiga akapotea. Ndege ya O'Hare ikateleza kushoto polepole ikashuka gizani. Skon akamfuata chini mpaka akaogopa kugonga maji. Wakaita kwenye redio, kimya. Asubuhi wakatafuta bahari yote ile hawakuona hata kipande.

Miaka mingi watu walisema alipigwa na wenzake, na yule mpiga bunduki aliishi na swali hilo mpaka uzee wake. Waliochunguza dakika kwa dakika wanaona uwezekano mkubwa ni Betty ile ya nyuma. Alikuwa na miaka 29. Na ile njia yao ilifanya kazi, Wajapani walivurugika usiku ule na meli zikasalimika, na mwaka uliofuata meli zikawa na vikosi vya usiku vyenye rada zao wenyewe.

Mie nikiambiwa nichague nimsimulie kwa siku ipi, ile ya nishani au hii, nachagua hii.

---

Kijana_wa_Likoni

Mzee hapa nimekaa kimya. Nlikuja kubishana lakini hii ya usiku sikuijua kabisa. Shukran.

---

Mwalimu_Changamwe

Nimerudi kuwaambia nilivyoamua. Forwadi nimeiweka kando. Nitaanza na HMS Kipanga na wageuke waangalie upande wa uwanja, kutoka paredi kwetu ndege zinazotua zinaonekana. Halafu Dufilho na bunduki zilizogoma, halafu embe na tuktuk, halafu usiku wa Novemba. Baba yake nitamtaja kwa sentensi mbili, yale yanayojulikana tu.

Na sekunde 34 nataka wazisikie. Jana baada ya isha mume wangu aliwasha saa ya simu tukanyamaza wote na watoto, ziliisha kabla hajamaliza kumenya chungwa moja. Akaniambia hapo ndani upige, uvuke upande wa pili, upige tena? Akatikisa kichwa. Basi Ijumaa watoto wote watanyamaza sekunde 34 na mmoja wao atashika saa.

Mzee Baharia swali la mwisho kabisa, nisije kuaibika mbele ya watu, hili jina Thach linatamkwaje?

---

Baharia_Mstaafu

Th ya thamani, a fupi, ch ya chai. Thach. Kila la heri Ijumaa mwalimu, na ukipata nafasi rudi utuambie waliuliza nini.